Milimita Tatu za Soila

Watoto wa shule tano za Gonja na Kisiwani walimwita Mama Ubao. Jina lake hasa lilikuwa Dorkas Mrutu, mwanamke wa miaka hamsini na minne, mkulima wa tangawizi, aliyewahi kuwa mhudumu wa wodi ya watoto kwa zaidi ya miaka ishirini mpaka goti lake la kushoto lilipokataa kupanda ngazi. Goti lilipomtoa wodini, wakaja madaktari wa utafiti wakitafuta mtu anayejua kukaa na watoto, asiyeogopa jua, na mwenye mwandiko unaosomeka. Wakampa ubao wa kupimia urefu, mzani, na bunda la fomu.

Utafiti wenyewe ulikuwa mwepesi kuueleza. Madaktari walitaka kujua, kati ya watoto wafupi wa milimani na tambarare, ni wangapi wamedumaa kwa sababu ya chakula na wangapi miili yao inakosa homoni zinazoiamuru mifupa irefuke. Kwa hiyo kila baada ya miezi sita mtoto yuleyule anapimwa tena. Visigino vinagusa ubao, magoti yamenyooka, macho yanatazama mbele, kibao cha juu kinashushwa taratibu mpaka kiguse utosi. Dorkas anasoma mara tatu, anaandika, anatia sahihi. Fomu zinakwenda Same mjini, kwa kijana mmoja aitwaye Clemence, ambaye kazi yake ni kuziingiza kwenye kompyuta.

Siku moja ya Aprili, Clemence alimpigia simu akiwa shambani, mikono imejaa udongo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Habari za Same?"

"Nzuri, joto tu. Mama, kuna mtoto mmoja wa Kisiwani, Soila Kakuta, wa miaka minane. Kompyuta imemkataa."

"Imemkataaje?"

"Machi ya mwaka jana uliandika sentimeta mia na nane nukta nne. Septemba, mia na nane nukta sita. Machi hii, mia na nane nukta saba. Milimita tatu kwa mwaka mzima, mama. Wenzake wamekwenda sentimeta tano, sita."

Dorkas aliweka jembe chini. Upande wa pili akamsikia Clemence anakohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayetafuta pa kupitia.

"Ofisini wanauliza kama... labda siku ya kupima foleni ilikuwa ndefu. Labda namba ya zamani ilinakiliwa. Wanasema ikiwa hivyo mstari wake kwenye kompyuta unafutwa tu, ila na fomu zako nyingine zote itabidi zipitiwe upya."

Hakulitamka neno lenyewe, lakini Dorkas alilijua. Kupika takwimu. Mtu anakaa kivulini, anatazama namba ya mwanzo, anaongeza chembe, anatia sahihi, anarudi nyumbani.

Alikata simu na kuketi juu ya tuta. Kilichomsumbua hakikuwa kusingiziwa. Kusingiziwa angekustahimili, tena angepanda basi siku hiyohiyo akagombe. Kilichomtisha ni kwamba hakumkumbuka mtoto. Siku ile ya Septemba aliikumbuka vizuri: wingu lilikuwa limetanda juu ya mlima Shengena, walimu wanahimiza watoto wawahi nyumbani, na watoto zaidi ya ishirini bado wako kwenye mstari. Aliwakumbuka wengine, mmoja aliyelia, mmoja mwenye kidonda mguuni. Soila hakumwona popote kichwani mwake, si wa Septemba wala wa Machi hii.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna mtu aliyelijua. Mwaka wake wa pili wodini, akiwa msichana, aliwahi kuandika joto la mwili la mtoto ambaye hakumpima. Alikuwa amechoka, mtoto amelala vizuri, akaandika thelathini na sita nukta nane kama ilivyokuwa asubuhi. Kabla ya saa kupita mtoto yule alianza kutetemeka kwa homa. Alipona. Lakini Dorkas tangu hapo alijua kwamba mkono wake una uwezo huo. Sasa akajiuliza: je, ulikuwa umerudia?

Alioga, akaubeba ubao mpaka kwa fundi seremala jirani, akamwomba futi yake ya chuma. Wakaulaza mezani wakapima mstari kwa mstari. Ubao ulikuwa sawasawa. Badala ya kufarijika, Dorkas akaona mlango mmoja wa kutokea umefungwa.

Kesho yake alipanda basi la asubuhi la Kisiwani. Shuleni, mwalimu Justa, aliyefundisha darasa la pili, alitikisa kichwa aliposikia jina.

"Soila hajaja wiki ya tatu. Na hata akija, mama, analala. Mtoto mpole yule, hana ugomvi na mtu. Unamwita, anachelewa kuitika kama vile sauti inamfikia kutoka mbali. Mimi nilidhani ni njaa."

"Mwaka jana Septemba, nilimpima?"

Justa alicheka, kisha akaona uso wa Dorkas akaacha. "Sijui, mama. Watoto walikuwa wengi."

Justa akampa mwanafunzi wa darasa la saba amwonyeshe njia, kisha akaghairi, akafunga daftari na kwenda naye mwenyewe. Walitembea karibu saa nzima kati ya migunga na vumbi. Dorkas alibeba ubao begani, goti linalalamika, na njiani alikuwa akipiga hesabu zilizomtia aibu. Kama mtoto sasa yuko mia na kumi na mbili, basi yeye ni mwongo, na kazi imekwisha, na watoto mia nne fomu zao ni takataka. Kama yuko mia na nane, basi yeye ni mkweli, lakini mtoto ni mgonjwa. Katikati ya njia aligundua kwamba alikuwa anaomba mtoto awe hajakua. Alisimama.

"Goti?" Justa akauliza.

"Goti," akasema.

Bomani waliwakuta wanawake wawili: Namelok, mama yake Soila, na bibi mzaa baba, Naisiae, mwanamke mkubwa mwenye macho makali. Baba, Kakuta, alikuwa amehamia upande wa Ruvu na ng'ombe kutafuta malisho. Dorkas alisalimia kwa Kimasai chake kichache, "Takwenya," wakaitika "Iko," kisha wakaendelea kwa Kiswahili.

Mtoto akaitwa. Akatoka ndani polepole, ameinamisha kichwa aguswe utosini, kama watoto wa kwao wanavyowasalimia wakubwa. Dorkas akaweka kiganja. Nywele zilikuwa kavu, ngumu kama nyuzi za mkonge. Jua lilikuwa kali kiasi cha kumfanya Dorkas avue kitambaa cha kichwa, lakini Soila alikuwa amejifunika shuka mbili.

"Huoni joto, mama?" Dorkas akamwuliza.

"Nasikia baridi," mtoto akasema. Sauti ilikuwa nzito, ya kukwaruza, haikufanana na mwili mdogo ulioitoa.

Nyuma yake akaja mdogo wake wa miaka sita, anakimbia, amebeba kibuyu. Aliposimama kando ya Soila, Dorkas aliona jambo ambalo halikuhitaji ubao. Mdogo alikuwa amempita dada yake.

Hata hivyo alipima. Alifuta vumbi la njiani kwenye ubao. Visigino, magoti, macho mbele. Alishusha kibao, akasoma. Akampandisha tena, akasoma. Mara ya tatu akamwomba Justa asome.

"Mia na nane nukta saba," Justa akasema.

Dorkas akashusha pumzi, na pumzi ile ikamchoma. Alikuwa amefurahi. Kwa muda wa kupepesa jicho, mbele ya mtoto aliyesimama anatetemeka juani, alikuwa amefurahi. Alipiga magoti, yote mawili, bila kujali lile bovu, akamshika Soila mikono. Ilikuwa ya baridi na ngozi yake ina magamba. Uso umevimba kidogo chini ya macho. Meno ya mbele bado yalikuwa ya utotoni.

"Choo anapata?" akamwuliza Namelok.

"Kwa shida. Siku nne, siku tano." Namelok alikuwa anamtazama sasa kwa makini. "Gauni hili nilimnunulia kabla hajaanza shule. Wenzake wanararua, wanabanwa, nanunua mengine. Yeye linamtosha tu. Nilisema, huyu Mungu amenipa mdogo, basi."

"Inabidi apimwe damu. Hospitali, Gonja."

Naisiae akasimama. "Hapana. Mlisema mnapima urefu. Mmepima. Damu haikuwemo."

"Mama, shikamoo tena, nakuomba..."

"Marahaba. Damu hapana. Mpaka baba yake aseme."

Ikabidi atafutwe Kakuta. Mtandao ulipatikana kwenye kilima kidogo nyuma ya zizi. Namelok alipiga mara nne. Mara ya tano Kakuta akaitika, ng'ombe wanasikika nyuma yake. Namelok alizungumza naye Kimasai kwa muda mrefu, kisha akamkabidhi Dorkas simu.

"Mama," Kakuta akasema, "naambiwa umetembea na mti wako mpaka kwangu. Nikuulize kitu kimoja. Umekuja kwa ajili ya mtoto au kwa ajili ya karatasi zako?"

Dorkas alimtazama Namelok, akamtazama Justa. Angeweza kusema neno zuri. Lilikuwepo tayari mdomoni.

"Nilikuja kwa ajili ya karatasi," akasema. "Walidhani nimeandika uongo, nami mwenyewe niliogopa kwamba nimeandika uongo. Sasa nimemwona mtoto. Sitaki kuondoka bila yeye."

Dorkas alimsikia Kakuta akimfokea ng'ombe, kisha akarudi kwenye simu.

"Mchukueni," Kakuta akasema. "Mama yake aende naye. Na majibu, mabaya au mazuri, uniambie wewe kwa mdomo wako. Sitaki kusikia kwa watu."

Damu ilichukuliwa Gonja siku ya pili yake. Daktari wa utafiti, Aminieli, alipanda kutoka Same kuja kumwona mtoto mwenyewe. Alimpapasa shingo kwa vidole viwili, akamgonga goti kwa kinyundo, akatazama jinsi mguu ulivyochelewa kuruka na kuchelewa zaidi kurudi. Chupa ndogo za damu zilikwenda maabara Moshi kwenye kasha la barafu, na Dorkas akarudi kwenye tangawizi yake kungoja.

Zilikuwa siku kumi na moja. Kila asubuhi Kakuta alipiga. Hakuwa na salamu ndefu.

"Damu imesemaje?"

"Bado, baba."

"Sawa."

Dorkas alikula kwa kujilazimisha. Alikuwa amesikia wodini juu ya uvimbe unaoota kichwani, kwenye kitezi kinachoongoza tezi zote za mwili, na watoto waliopelekwa mbali wasirudi. Alikuwa anachimba, anasimama, anatazama simu. Mara mbili alimpigia Aminieli, mara mbili akaambiwa awe na subira. Siku ya saba Kakuta hakupiga, na hilo likamtisha zaidi kuliko alipopiga. Kumbe simu yake ilikuwa imeisha chaji.

Siku ya kumi na moja Aminieli akapiga.

"Mama Dorkas, ni tezi ya shingoni. Ile ile ambayo ikivimba watu wanasema goita. Yake haikuvimba, imezimika. Mwili wake wenyewe umeishambulia, taratibu, labda kwa miaka mitatu. Homoni yake karibu haipo kabisa. Ndiyo sababu ya baridi, usingizi, choo, sauti. Na urefu."

"Inatibika?"

"Kidonge kimoja kila asubuhi. Maisha yake yote."

Dorkas akaegemea mgomba. "Ule mstari ambao ofisi ilitaka kuufuta..."

"Ndiyo."

"Mmefuta mingine mingapi?"

Aminieli akasema ataangalia. Baadaye jioni alituma ujumbe: mistari ya watoto watatu, shule nyingine, wapimaji wengine. Aliandika kwamba wote watatu watapimwa tena, na kwamba kuanzia siku hiyo hakuna namba itakayofutwa kabla mtu hajamwona mtoto kwa macho. Dorkas aliusoma ujumbe mara mbili, kisha akampigia Kakuta, akamwambia yote kwa mdomo wake kama alivyoahidi.

Masharti ya kidonge yalikuwa magumu kuliko yalivyosikika. Kinamezwa kwa maji, tumbo tupu, na maziwa yasiguswe mpaka muda mrefu upite, maana maziwa yanaizuia dawa isiingie mwilini. Kwenye boma, ambapo asubuhi inaanza kwa maziwa! Namelok alikubali. Kila asubuhi alimpa Soila kidonge kabla hajaenda kukamua, na alipomaliza kukamua wote ndipo mtoto alipopewa kikombe chake.

Wiki sita zilipita kwa amani. Kisha Namelok akapiga simu anapiga kelele.

"Mama Dorkas, mmempa mtoto nini? Halali! Anapigana na mdogo wake, amempiga mbuzi fimbo, hawezi kukaa hata akinywa uji. Nywele zinatoka mkononi. Na tangu juzi analia kichwa. Bibi yake amezificha dawa!"

Dorkas alimwambia asubiri, akakata simu. Alimpigia Aminieli.

"Mengine yote yanatarajiwa," daktari akasema. "Mwili uliolala miaka mitatu umeamshwa ghafla. Lakini kichwa sikipendi. Mleteni leo."

Walimleta. Naisiae alikuja pia, vidonge vimefungwa kwenye pindo la shuka yake. Wakati Soila yuko ndani na mama yake, anamulikwa macho kwa taa ndogo, Dorkas na Naisiae waliketi kwenye benchi la nje bila kutazamana.

"Mjukuu wangu alikuwa mpole," Naisiae akasema mwishowe. "Alikuwa anakaa nami kutwa. Ananishika shuka. Mmemweka wapi yule?"

Dorkas alitafuta jibu lisiloumiza, akalikosa. "Mama, upole ule ulikuwa ugonjwa."

Yule bibi aligeuka akamtazama. "Basi nimemfurahia mgonjwa," akasema, "miaka mitatu," na akajifunika uso kwa shuka. Dorkas alisogea mpaka mabega yao yakagusana, akakaa hivyo.

Mlango ulipofunguliwa, Aminieli alikuwa na uso uliotulia. Nyuma ya macho hakukuwa na uvimbe, maana yake kichwani hakukuwa na shinikizo la hatari. Dozi ilikuwa imepanda haraka mno. Itashushwa nusu, ipandishwe kidogo kidogo, na mtoto aonwe kila wiki mbili. Naisiae alifungua pindo, akahesabu vidonge mbele yao kimoja kimoja, akamkabidhi Namelok.

Kichwa kilipoa. Nywele ziliendelea kudondoka mwezi mmoja zaidi, kisha zikaota laini. Soila alirudi shule, na mwalimu Justa akaanza kulalamika kwamba anaongea darasani. Mwezi wa Agosti jino la mbele likang'oka, akaja nalo kiganjani kumwonyesha kila mtu.

Septemba ilipofika Dorkas alipima shule nzima, akamwacha Soila awe wa mwisho. Hakutaka foleni. Alimwita Justa asome, maana macho yake mwenyewe hakuyaamini. Visigino, magoti, macho mbele.

"Acha kujinyoosha," akamwambia.

"Sijinyooshi!" Soila akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Justa aliinama. "Mia na kumi na tatu nukta sita."

Wakarudia mara tatu. Nukta sita. Nukta tano. Nukta sita.

"Mdogo wangu ni ngapi?" Soila akauliza.

"Mdogo wako hajaanza shule, simpimi."

"Mpime!"

Aminieli alikuwa amemwonya Dorkas asiahidi sana. Miaka mitatu iliyopotea hairudi yote; huenda Soila akawa mwanamke mfupi, na hilo halitamzuia kitu. Dorkas alilisema hivyohivyo kwa Namelok, na Namelok akajibu kwamba mama yake mwenyewe alikuwa mfupi.

Lakini raha kamili Dorkas hakuipata. Mwaka ule mvua za vuli zilichelewa, na mwezi wa Novemba Kakuta alikuja kuchukua familia yote kuipeleka Ruvu kwenye malisho. Dorkas alimpa vidonge vya mwezi na barua ya daktari ya kuonyesha zahanati yoyote. Wiki tatu baadaye simu ikalia akiwa anapanga tangawizi kwenye viroba.

"Mama," Kakuta akasema, "vimebaki tisa. Zahanati ya hapa wanasema dawa hii hawaijui."

Dorkas alipiga simu kwa Clemence, Clemence akapiga kwa Aminieli, Aminieli akapiga Moshi. Vidonge vikapatikana Same, vikapewa dereva wa lori la mchanga aliyekuwa anakwenda upande ule. Vikabaki saba. Vikabaki sita. Lori likaharibika njiani. Vikabaki vinne, na Dorkas sasa ndiye aliyekuwa akipiga kila asubuhi, naye Kakuta ndiye aliyekuwa akijibu, "Bado, mama."

Alhamisi Kakuta hakusubiri apigiwe.

"Vimefika," akasema. "Lakini hivi ni vya mwezi mmoja tu. Baada yake?"

"Baada yake tutaanza kutafuta mapema," Dorkas akasema. "Leo. Nipe jina la mganga wa hapo zahanati." Akaifuta mikono, akatafuta kalamu.